Vidole vinakufa ganzi kabla sijafika Sabaki

Swali: Mimi ni mwalimu, umri wangu miaka 41. Naishi Malindi mjini na nafundisha upande wa Mambrui, kwa hivyo kila siku ya shule naenda na kurudi kwa baiskeli, kilomita kama 15 kila safari. Baiskeli yenyewe ni blakimamba ya kawaida, haina gia za kubadilisha. Asubuhi sina neno. Shida ni alasiri nikirudi: nusu saa ikikaribia, sijafika hata daraja la Sabaki, vidole vya mguu wa kulia vinaanza kuwaka moto, kisha vinakufa ganzi, hasa cha tatu na cha nne. Mguu wa kushoto nao hufuata lakini si sana. Nikivua kiatu nikakaa dakika kumi, nahisi sisimizi wanatambaa, halafu hali inarudi sawa. Naendesha na viatu vyangu vya kazini, vya ngozi, vyenye ncha. Mwenzangu aliniambia niinue kiti, nikainua. Nikanunua na kifuniko cha sponji. Duka la dawa walinipa vidonge vya vitamini B, nimemeza mwezi mzima. Mamangu ana kisukari, na juzi jirani kaniambia hivi hivi ndivyo kilivyomuanza yeye mwenyewe. Je, niache baiskeli?

Jibu: Mwalimu, pole na safari. Baiskeli usiiache. Kwa jinsi ulivyoeleza, mguu wako unabanwa, na kinachobana kinaweza kulegezwa. Lakini kabla hatujafika kwenye kiatu na pedali, tulimalize hilo neno la jirani, maana nahisi ndilo lililokufanya uandike.

Ganzi ya kisukari ina tabia zake. Kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huanzia ncha za vidole na kupanda polepole kwa miezi na miaka, kama mtu anayevaa soksi. Huwa kali usiku umelala, hata shuka ikigusa vidole ni kero. Haijui saa ya kurudi nyumbani, wala haijali umevaa kiatu au umekivua. Yako inajua. Inakuja alasiri peke yake, pale pale njiani, inaanza na mguu mmoja, inachagua vidole viwili, na ukivua kiatu inaondoka kwa dakika kumi. Neva iliyoharibiwa na sukari haiponi kwa dakika kumi.

Hata hivyo kapime sukari. Si kwa ajili ya ganzi, ni kwa ajili ya mama: mwenye mzazi wa kisukari na umri umepita 40 anapaswa kupima hata kama hajawahi kuhisi ganzi maishani. Nenda asubuhi ukiwa hujala chochote kwa saa nane, maji tu. Kipimo kikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi, watakupima tena siku nyingine kuthibitisha. Kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, sukari imepanda lakini bado haijawa ugonjwa, na hapo hiyo baiskeli unayotaka kuiacha ndiyo itakayokuwa dawa yako ya kwanza.

Na leo usiku, nyumbani, fanya jaribio dogo. Lala chali miguu mitupu, fumba macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chake cha shahada, ncha ya kidole gumba, kidole cha tatu na kidole cha mwisho cha kila mguu. Kila mguso uwe sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kukuna, na afuate mpangilio usioujua. Kazi yako ni kusema tu "kulia" au "kushoto" kila unapohisi. Miguso ni sita. Ukiikosa miwili au zaidi, hiyo ni ganzi inayokaa hata mguu ukiwa umepumzika, na habari ya pedali iweke kando kwanza, nenda hospitali. Ukiihisi yote sita, endelea kusoma.

Tuje kwenye wayo. Ukiupapasa kwa chini, nyuma tu ya vidole, utakuta sehemu nene inayobeba mwili unaponyanyua kisigino. Tuiite mto wa wayo. Ndani ya mto huo mna vichwa vya mifupa mitano mirefu iliyopangana ubavu kwa ubavu, na katikati ya kila jozi inapita neva nyembamba inayokwenda kwenye vidole viwili jirani. Juu ya neva kuna kano ngumu inayovifunga vichwa hivyo pamoja, na kano hiyo haivutiki. Kwa hiyo neva ina dari ngumu juu, kuta za mifupa huku na huku, na sakafu yake ni nyama ya wayo wako. Pedali ikisukuma kutoka chini na kiatu kikikamua kutoka pembeni, haina pa kukimbilia. Ile iliyo kati ya mfupa wa tatu na wa nne ndiyo inayosumbuka mara nyingi kuliko zote. Ndiyo maana umetaja vidole hivyo viwili hasa, na si kidole gumba.

Neva nayo ina mishipa yake midogo ya damu. Ikibanwa, kwanza hupiga kelele: huo ndio moto unaouhisi. Ikiendelea kubanwa, hunyamaza: hiyo ndiyo ganzi. Ukivua kiatu damu inarudi, neva inaamka na kutuma habari ovyo ovyo, na hao ndio sisimizi wako. Watu husema "damu haitembei mguuni", wakaanza kukandana na mafuta ya nazi na karafuu. Damu ya mguu wako inatembea vizuri tu. Iliyokatika ni ile inayolisha kineva chembamba, na kuukanda mguu jioni, ingawa kunaburudisha, hakugusi kilichoibana mchana. Hatari ya kuliacha jambo hili ni kwamba neva inayobanwa kila siku kwa miezi hunenepa ngozi yake ya nje. Ikishanenepa hubanwa hata ndani ya kiatu kinachotosha. Kulitibu hapo ni kazi kubwa zaidi.

Kwa nini alasiri na si asubuhi? Mguu wa saa tisa si mguu wa saa moja asubuhi. Umesimama ubaoni kutwa nzima katika joto la Mambrui, mishipa imepanuka, maji yameshuka miguuni, na wayo umenenepa na kutanuka. Kiatu kilichokuwa sawa asubuhi sasa ni kidogo. Kisha kuna upepo. Tangu Aprili hadi Septemba kusi ndiyo inayotawala, na hushika kasi mchana ukikua. Wewe ukirudi Malindi unaelekea kusini, kwa hiyo unaikata kwa kifua. Hukusema shida ilianza mwezi gani, lakini ningekisia ilizidi kusi iliposhika. Kaskazi ikiingia Desemba upepo utakuwa mgongoni alasiri na usoni asubuhi. Basi usije ukasema umepona kwa sababu ya dawa fulani uliyomeza Desemba.

Upepo una uzito wake kwenye pedali, na blakimamba haina gia ya kuupunguza. Hesabu meno ya baiskeli yako. Tuseme mbele ni 44 na nyuma, kwenye friwili, ni 18. Gurudumu la 28 huenda mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila ukizungusha pedali mara moja baiskeli inasonga karibu mita 5.4. Upepo ukikurudisha hadi mwendo wa kilomita 12 kwa saa, unazungusha mara 37 tu kwa dakika. Huko si kuendesha, ni kupanda ngazi: kila hatua wayo unakandamizwa kwa nguvu kubwa na kwa muda mrefu. Ukitaka kujua yako, hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Nitarudi kwenye friwili baadaye, maana inagharimu. Tuanze na ya bure.

La kwanza ni kiti, na hapa lazima niseme ukweli: kiko juu mno. Mwenzako hakukosea kabisa, kwa sababu wengi mjini huendesha kiti kikiwa chini hadi magoti yanakaribia kidevu. Lakini wewe uliinua, kisha ukaongeza sponji juu yake, nayo hata ikikaliwa inabaki na sentimita moja au mbili. Kiti kikiwa juu, mguu huifuata pedali kwa ncha: kisigino kinaning'inia, vidole vinatazama chini, na mzigo wote unaangukia mto wa wayo peke yake. Mwambie mtu akutazame kwa nyuma ukiendesha. Akiona nyonga zinayumba kushoto kulia, jibu umelipata.

Toa sponji. Simama ukutani bila viatu, shika kitabu kigumu kati ya mapaja, rejista ya darasa inafaa, kisha kivute juu mpaka kikuguse kwa nguvu kama kiti kinavyokugusa. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, uzidishe kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, kiti kinatakiwa kuwa sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali hadi juu ya kiti, ukipima kufuata bomba la fremu. Hicho ni kianzio tu. Kisha kaa, mtu ashike usukani, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuteremka upande mmoja. Ukirudisha mto wa wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kama bado unahisi unaifukuzia pedali, shusha milimita 5, endesha siku mbili, tazama tena. Usishushe sentimita tatu kwa siku moja, magoti yatakulalamikia. Na anayelazimika kuinua kiti ahakikishe sentimita sita au saba za bomba zimebaki ndani ya fremu. Pua ya kiti iwe sawa na ardhi. Ikiinama mbele unateleza, na mwili unatafuta breki kwa mikono na nyayo.

La pili ni mahali unapokanyaga. Pedali zako ni bapa, kwa hiyo una uhuru ambao wenye viatu vya kunasa pedali hawana. Sogeza mguu mbele sentimita mbili au tatu, ili ekseli ya pedali ikae nyuma ya mto wa wayo, kuelekea kwenye upinde, si chini ya vichwa vya mifupa. Siku ya kwanza utajiona kama unaendesha kwa kisigino. Utazoea. Kusogeza mguu mbele ni kama kuufupisha kidogo, kwa hiyo kiti kinaweza kutaka kushuka milimita 5 nyingine. Jaribio hili halina gharama, na katika ganzi kama yako mara nyingi linapunguza tatizo.

Sasa viatu, maana hapo ndipo penye kesi. Chukua karatasi mbili, simama juu yake alasiri ukitoka kazini, chora kila mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Kisha weka kiatu juu ya mchoro. Nakuhakikishia utaona vidole vinamwagika nje ya soli pande zote mbili, na mguu mmoja utakuwa mpana kuliko mwenzake. Ukiwa wa kulia, umeshajua kwa nini unatangulia. Viatu vya ncha vilitengenezwa vitazamwe, havikutengenezwa vikanyage pedali. Vifunge kwenye keria, uvivae ukifika.

Cha kuendeshea kiwe na mambo matatu. Kiwe kipana mbele, kiasi kwamba ukisimama unaweza kupepea vidole vyote. Kiwe na nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu, na ukijaribu jioni, si asubuhi. Na soli iwe ngumu. Hili la tatu ndilo watu hulisahau. Ukinunua raba ya mtumba laini, inayokunjika mkononi kama chapati, meno ya pedali yatapenya mpaka kwenye wayo na utakuwa umebadilisha maumivu ya pembeni kwa maumivu ya chini. Kiatu kikunjike kwenye vidole tu, tena kwa kulazimishwa. Kama raba uliyo nayo ni pana lakini laini, mpelekee fundi viatu aongeze soli ya mpira mgumu wa milimita 4 au 5 kutoka kisigino hadi vidoleni, yote kipande kimoja. Akala za tairi nazo ni soli nzuri sana kwa pedali, sema kamba ya mbele isipite juu ya mto wa wayo.

Ndara sizipendekezi, na makubadhi yasiyo na kamba ya nyuma pia. Kiatu kisichoshikwa kisigino kinalazimisha vidole vikishike, na vidole vinavyokamata kama kucha za kaa kwa kilomita 15 vitakufa ganzi hata pedali ikiwa ya sufi. Kwa kiatu cha kamba, yale matundu mawili ya mwanzo karibu na vidole yaache wazi au yalegeze, kaza ya juu karibu na kifundo. Soksi iwe moja, nyembamba. Soksi mbili hula nafasi ile ile tunayoitafuta.

Tazama pedali zenyewe. Kwenye blakimamba nyingi mipira ya pedali imelika, imebaki ekseli na vyuma viwili, na mtu anakanyaga msumari mnene mchana kutwa. Badilisha, tafuta zenye uso mpana wa sentimita 9 au 10. Kwa kuwa mguu wako wa kulia ndio mkorofi, angalia jambo jingine: chuchumaa nyuma ya baiskeli, mtu azungushe pedali kinyumenyume taratibu. Uso wa pedali ubaki sawa na ardhi mzunguko mzima. Ukiinama upande mmoja halafu ukarudi, ekseli au mkono wa pedali umepinda, labda tangu baiskeli ilipoanguka siku moja, na wayo wako unasukumwa ubavuni kila mzunguko. Hakuna kiatu kitakachotibu hilo.

Kufungua ni spana ya 15, na hapa watu huharibu uzi: pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume. Usijisumbue kukumbuka kulia na kushoto. Simamisha spana wima juu ya pedali. Upande wowote, kufungua ni kuivuta kuelekea nyuma ya baiskeli, kukaza ni kuisukuma kuelekea mbele. Paka grisi kidogo kwenye uzi, uanze kwa vidole mpaka ishike, ndipo uchukue spana.

Ukishafanya haya kwa wiki mbili na ganzi imepungua lakini haijaisha, tengeneza kimto kidogo cha ndani ya kiatu, tukiite kijito. Kazi yake ni kuinua mifupa kwa nyuma kidogo ili vichwa vyake viachane na neva ipumue. Kosa la karibu kila mtu ni kukiweka chini kabisa ya mahali panapouma. Hapo kinasukuma neva ile ile juu, na mtu anasema vijito ni uongo. Kinakaa nyuma ya panapouma.

Ili upate mahali penyewe, omba wanja nyumbani. Bonyeza chini ya wayo kati ya mfupa wa tatu na wa nne mpaka upate doa linalochoma, lipake wanja mzito. Toa soli ya ndani ya kiatu uiweke sakafuni, ikanyage wima mara moja kwa mguu huo, unyanyue. Doa jeusi limebaki kwenye soli. Sasa chukua ndara iliyochakaa, kata kipande chenye umbo la yai, urefu sentimita 5, upana 4. Kichonge kwa wembe kibaki milimita 5 katikati, kingo zote zishuke hadi kuwa kama karatasi. Kibandike kwa gundi ya viatu, upande mpana ukitazama vidole, ukingo wake wa mbele ukiwa milimita 5 nyuma ya doa la wanja. Rudisha soli, tembea nyumbani saa moja kabla ya kuendesha. Ukihisi umekanyaga kokwa ya embe, ni kinene mno au kimekaa mbele mno. Kisogeze nyuma kidogo kidogo. Kikiwa mahali pake, baada ya dakika chache unakisahau.

Halafu friwili. Ukibadilisha ya meno 18 kwa ya 22, kila mzunguko unakupeleka mita 4.4 badala ya 5.4, na kwa mwendo ule ule dhidi ya upepo ule ule nguvu kwenye pedali inapungua kwa karibu asilimia 18. Kwa kilomita 12 kwa saa utazungusha mara 45, si 37. Si maajabu, lakini wayo unajua tofauti. Fundi atalazimika kuongeza kipande cha cheni. Bei yake ni kwamba upepo ukiwa mgongoni utachoka kuzungusha kabla baiskeli haijachoka kukimbia. Kwa mtu anayeikata kusi nusu ya mwaka, mimi ningebadilisha. Kwa anayekwenda sokoni na kurudi, ningemwambia aache.

Na njiani, kila dakika kumi acha kupiga pedali sekunde chache, baiskeli ikiwa kwenye mwendo, ukunje na kukunjua vidole mara kumi. Usingoje ganzi ianze. Neva iliyopumzishwa kabla haijalalamika huvumilia zaidi ya ile iliyongojewa mpaka ikazimika.

Vidonge vya vitamini B viache. Havilegezi kiatu, na kwa asiyepungukiwa havina kazi hapa. Tena soma paketi: vitamini B6 kwa dozi kubwa kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi ya miguu, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Wanaozihitaji kweli wapo. Anayemeza isoniazid ya kifua kikuu hupewa B6 pamoja nayo, na anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka anaweza kupungukiwa na B12. Mwambie mama aulize hilo kliniki yake. Dawa za maumivu nazo zitaficha moto, ganzi haziigusi.

Baadhi ya wasomaji wanaendesha baiskeli za mbio za mtumba zenye viatu vya kunasa pedali, na wao huniuliza habari hii hii. Soli za viatu hivyo ni ngumu vya kutosha, tatizo huwa kliti, kile kipande cha chini ya soli kinachonasa pedali, imewekwa mbele mno, au kiatu ni chembamba. Rudisha kliti nyuma milimita 5 kwanza, kisha 5 nyingine, na ushushe kiti kidogo. Ganzi ikiwa juu ya wayo, si chini, mara nyingi ni kamba au mkanda umekazwa mno. Na ganzi ya mapajani katikati, sehemu za siri, ni habari ya kiti na ina hatari zake. Mwenye hiyo asiungojee mwezi uishe.

Usibadilishe vyote siku moja, maana hutajua kilichokusaidia. Anza na kiti na mahali pa kukanyaga, wiki moja. Kisha viatu. Kisha pedali kama zimelika. Andika kwenye daftari ganzi imekukuta wapi: kabla ya daraja, juu ya daraja, ukiingia mjini. Ikianza kusogea kusini, unashinda, hata kama haijaisha.

Sasa ya hospitali. Nenda hospitali ya kaunti ndogo ya Malindi, au kituo cha afya kilicho karibu, kama ganzi inabaki hadi asubuhi, kama imeanza kuja hata siku usizoendesha, au kama umefuata haya kwa wiki sita na haijasogea. Nenda mapema zaidi ukiona kidole gumba hakiinuki au mguu unaburuta unapotembea. Ukiwa na maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi wayoni. Wayo mmoja ukiwa baridi na umepauka kuliko mwenzake, au shavu la mguu linauma ukitembea na kutulia ukisimama. Ukiwa na kidonda usichojua ulikipata wapi. Doa la ngozi lililopauka au jekundu lisilohisi mguso lionyeshe hata kama haliumi, kwa sababu ukoma bado upo, unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma, au ganzi ikishika matakoni na mkojo ukakataa kutoka au kujizuia, hiyo si ya kungoja kesho.

Daktari akishuku neva imeshanenepa, ataushika wayo kwa pembeni, aukamue huku akibonyeza kati ya mfupa wa tatu na wa nne. Ukiruka kwa shoti inayokimbilia vidoleni, ameipata. Picha ya mawimbi ya sauti inaweza kuthibitisha. Viatu vipana na kijito bado ndiyo tiba ya kwanza hata hapo, kisha sindano, na upasuaji huja mwisho. Nao mara nyingine huacha vidole hivyo viwili na ganzi ya kudumu, ndiyo maana haukimbiliwi. Siku ya kwenda usivae ndara. Vaa vile viatu unavyoendeshea, vya kazini vibebe kwenye mfuko, na ile soli yenye doa la wanja usiifute.